Subaru ya turbo yenye injini ya EJ20: kutoka dalili hadi chanzo

Impreza WRX na STI, Legacy GT na Forester za turbo zilizoingia Uganda miaka iliyopita bado zinafanya kazi kila siku, na nyingi zimeshapita mikononi mwa wenyewe watatu au wanne, kila mmoja akiacha mabadiliko yake. Tangu 2018 sheria hairuhusu tena kuingiza nchini gari lililotimiza miaka 15. Impreza ya 1998 ikiuawa kwa kubahatisha, hakuna nyingine itakayoshuka kutoka Mombasa kuchukua nafasi yake. Ndiyo maana kupima kwanza, spea baadaye.

Matatizo yaliyomo humu ni yale yanayorudi gereji mara kwa mara. Chini ya kila dalili, chanzo kinachoonekana zaidi kimetangulia, na kipimo cha bure kimewekwa kabla ya kile cha kufungua injini.

Kabla ya kugusa kitu

Pima oili. Gari liwe mahali tambarare, injini izimwe dakika kumi. Kati ya alama ya chini na ya juu kwenye kijiti kuna takriban lita 1, na injini yote inabeba lita 4 hadi 4.5 tu. Ikiwa kijiti kinagusa alama ya chini, tayari umepoteza karibu robo ya oili yako, na injini hii haivumilii hilo kwenye kona ndefu.

Angalia kulanti (maji ya kupozea) injini ikiwa baridi, kwenye tangi dogo la chuma lililo karibu na turbo, si kwenye chupa ya pembeni peke yake. Chupa inaweza kujaa huku mfumo uko mtupu.

Soma kodi za makosa za kompyuta ya injini. Kwenye Impreza za zamani, chini ya dashibodi upande wa dereva, kuna plagi mbili nyeusi na mbili za kijani zinazoning'inia. Unganisha zile nyeusi peke yake, washa swichi bila kupiga starta, kisha hesabu mimweko ya taa ya injini: mrefu ni kumi, mfupi ni moja. 21 ni sensa ya joto la maji, 22 ni sensa ya noki (mlipuko wa kabla ya wakati), 23 ni sensa ya hewa. Kwa modeli za baadaye tafuta fundi mwenye kifaa kinachosoma lugha ya Subaru yenyewe. Visomaji vingi vya bei rahisi havielewani na magari ya soko la Japani, na kifaa kikishindwa kusoma haina maana kwamba hakuna kosa.

Gari linachemsha

Sindano ya joto ya magari haya imetengenezwa itulie katikati hata joto likipanda na kushuka kwa kiasi. Ukiiona imeondoka katikati kwenda juu, injini ina joto kali tayari. Zima AC, fungua hita hadi mwisho, punguza mwendo, toka barabarani. Usifungue kifuniko. Subiri mpaka uweze kushika mpira wa juu wa rejeta bila kuunguza mkono.

Chanzo cha kwanza ni hewa iliyobaki ndani baada ya mtu kujaza maji haraka. Inua pua ya gari kwa jeki au simama kwenye mwinuko, weka hita kwenye moto kabisa, fungua kiplagi cha kutolea hewa kilicho juu ya rejeta, kisha jaza polepole kupitia tangi la chuma huku ukibinyabinya mipira mikubwa. Kiplagi kikitoa maji bila povu, kifunge. Acha injini iungurume bila kukanyagwa mpaka feni ziwake na kuzima mara mbili, iache ipoe, kisha ongeza tena. Kazi hii ikichukua dakika kumi, haijafanyika.

Cha pili ni vifuniko. Kampala iko mita 1,190 hivi juu ya usawa wa bahari, na hapo maji yasiyo na mgandamizo huchemka karibu nyuzi 96. Kifuniko kikishindwa kushika presha, injini inaweza kuchemsha kwenye joto ambalo lingekuwa la kawaida kabisa. Gari lenye vifuniko viwili, kimoja kwenye tangi la chuma na kingine kwenye rejeta, mara nyingi hubeba vya presha tofauti. Kila kimoja kirudi mahali pake.

Cha tatu ni rejeta iliyoziba kwa nje. Vumbi jekundu la murram likichanganyika na mvua hukauka kati ya kondensa ya AC na rejeta, mahali ambapo huoni ukisimama mbele ya gari. Legeza rejeta, ingiza tochi, osha kwa maji ya presha ndogo ukitokea upande wa injini. Presha kubwa hulaza mapezi.

Kisha feni. Washa AC: zote mbili zizunguke. Moja ikisimama, angalia fyuzi na rilei kabla ya kununua mota.

Sasa temostati, mlango wa maji unaofunguka kwa joto. Desturi ya kuitoa na kuitupa "ili gari lipoe" ifike mwisho. EJ20 isiyo na temostati hukaa baridi mno ikiwa barabarani, kompyuta inaamini injini haijapata joto na kuendelea kumwaga petroli nyingi, plagi za kuwashia zinakuwa nyeusi, na petroli inayoteremka ukutani mwa silinda inapunguza uzito wa oili. Halafu siku ya foleni gari linachemsha vilevile, kwa sababu tatizo halikuwa temostati. Ukienda soko la spea la Kisekka kununua mpya, beba ya zamani ya kiwandani mkononi na ulinganishe: zile nyembamba zenye mlango mdogo hazipitishi maji ya kutosha kwa injini ya turbo. Iwe inaanza kufunguka karibu nyuzi 76 hadi 78.

Mwisho ndiyo gasketi ya hedi. Dalili yake kwenye injini hii kwa kawaida si oili ya rangi ya maziwa. Ni moshi wa silinda kuingia kwenye maji: gari linatulia mjini, linachemsha ukipanda mlima kwa busti (presha ya hewa inayosukumwa na turbo), na chupa ya pembeni inatoa mapovu mfululizo na kunusa ekzosi. Fundi mwenye kipimo cha kemikali ya bluu inayogeuka njano atathibitisha kwa dakika chache.

*Simama hapa.* Mapovu yakithibitika, usiongeze kemikali ya kuziba. Huziba mifereji ya rejeta na hita kabla ya kufika kwenye gasketi. Kazi yenyewe inataka injini itoke, hedi zipimwe kwa rula ya chuma na fila geji (kupinda zaidi ya milimita 0.05 ni kupelekwa mashine), na bolti zikazwe kwa spana ya torki kwa mpangilio wa kitabu. Si kazi ya uani.

Injini inatoa mlio

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, kwa kuogopa mlio usio na madhara au kupuuza ule unaoua. Sikiliza wakati gani unatokea kabla ya kuuliza unatoka wapi.

Mlio wa asubuhi unaopotea baada ya dakika chache, kavu, wa chini chini: pistoni zinagusa ukuta kabla hazijatanuka. EJ nyingi zinafanya hivyo kwa miaka mingi. Usikanyage hadi upotee, basi.

Tiki-tiki ya haraka yenye pumzi, inayopungua injini ikipata moto: ekzosi inavuja kwenye manifoldi au kwenye bomba linalopanda turbo. Tafuta alama nyeusi za masizi kwenye viungio. Inakula busti pia, kwa hiyo itengenezwe.

Kelele ya mbele ya injini kama mnyororo uliolegea, hasa ukiwasha baridi: tensheni ya taimingi belti imechoka, au moja ya roli zake. Hii si ya kungoja mshahara. EJ20 ya kamshafti nne valvu zake hugongana zenyewe kwa zenyewe, na pia na pistoni, belti ikiruka. Kitabu kinatoa takriban kilomita 100,000, lakini kwa gari ambalo hujui historia yake, kilomita hizo zimeisha siku ulipolinunua. Badilisha belti, tensheni, roli zote pamoja na ile yenye meno, na pampu ya maji kwa mkupuo mmoja. Belti mpya juu ya roli kuukuu ni pesa iliyotupwa.

Mlio kama changarawe ndani ya mkebe, unaosikika ukikanyaga kwenye gia ya juu au kupanda mlima: noki. Mchanganyiko unalipuka kabla ya wakati wake. Achia mguu palepale. Vyanzo kwa mpangilio:

1. Petroli. Kompyuta za magari ya soko la Japani zilisetiwa kwa petroli ya daraja la juu ya huko, inayofika RON (kipimo cha oktani) 100. Ya kwetu haifiki. Petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa inashuka zaidi. Mlio ukianza baada ya kujaza kituo kipya, usitafute mbali.
2. Intakula (kipoza hewa ya turbo) yenye moto. Iko juu ya injini, na foleni ya Jinja Road ikikushika nusu saa inageuka kuwa hita. Foleni ikifunguka, tembea dakika mbili kwa utulivu ipite hewa, ndipo ukanyage.
3. Sensa ya noki iliyopasuka. Iko kwenye bloku chini ya manifoldi ya hewa. Plastiki yake huonyesha ufa. Mpya ikazwe torki 24 Nm, si zaidi, kwenye chuma kilichosafishwa. Ikikazwa kupita kiasi inakuwa kiziwi, au inasikia noki isiyokuwepo.
4. Pampu ya petroli iliyochoka au filta iliyoziba. Presha iwe karibu baa 3 mpira wa vakyumu ukiwa umetolewa kwenye regyuleta. Ikishuka wakati wa mzigo, silinda zinanyimwa petroli pale pale zinapoihitaji zaidi.
5. Busti iliyoongezwa bila kuseti kompyuta. Tutairudia.

Halafu uko mlio wa mwisho: mzito, wa kina, unaofuata mzunguko wa injini, unaosikika wazi ukipandisha hadi 2,500 au 3,000 na kuachia ghafla. Hiyo ni beringi ya konrodi, mkono unaounganisha pistoni na kranki. Hauondoki injini ikipata moto; unaongezeka, kwa sababu oili inakuwa nyepesi.

*Zima injini. Usiendeshe hata hadi nyumbani.* Beringi iliyoanza kugonga inaweza kuachia konrodi itoboe bloku ndani ya kilomita chache, na bloku iliyotobolewa haichongwi. Kama unataka uhakika, mwaga oili ndani ya beseni safi juani: vipande vinavyong'aa rangi ya shaba ni beringi. Pasua filta, kunjua karatasi yake, utaviona vipande hivyohivyo. Oili nzito ya kufunika mlio inakupa wiki moja ya kimya na injini iliyokufa.

Fundi atakayeifungua abadilishe pia pampu ya oili, asafishe au kubadilisha kipoza oili, na akague bomba la kufyonzea oili ndani ya sampu (beseni la oili chini ya injini), kwa kuwa la kiwandani hupasuka kwenye mwungano na kuvuta hewa. Injini ikirudi na uchafu wa zamani kwenye mifereji, beringi mpya zitafuata zile za kwanza. Baada ya hapo weka geji ya presha ya oili. Injini ikiwa moto, kiwango cha chini kabisa ni karibu baa 1 bila kukanyaga na baa 3 kwenye mizunguko 5,000. Taa nyekundu ya kiwandani huwaka wakati habari imeshakuwa msiba.

Inamisi

Kumisi ni silinda moja kutowaka sawasawa. Kwa gari la usukani wa kulia, silinda 1 na 3 ziko upande wa dereva, 2 na 4 upande wa abiria. Anza na plagi, injini ikiwa baridi kabisa, maana hedi ni ya alumini na nyuzi zake huchomoka na plagi iliyotolewa moto. Pengo liwe milimita 0.7 hadi 0.8. Plagi iliyolowa oili kwa nje inasema seali ya tundu la plagi chini ya kava ya valvu imekauka. Badilisha na gasketi za kava kwa pamoja, hasa kama unanusa oili inayoungua juu ya ekzosi.

Kama gari lako lina koili moja kwa kila plagi, hamisha ile unayoshuku kwenda silinda nyingine. Misi ikihama nayo, umepata jibu bila kununua kitu. Isipohama, jaribu nozeli, kisha kompresheni (mgandamizo wa silinda).

Kuhusu kompresheni, usiogope namba yenyewe. Hewa ya Kampala ni nyepesi kwa asilimia 12 hivi kuliko ya pwani, na Kabale ni zaidi, kwa hiyo geji itasoma chini ya kitabu hata injini ikiwa nzima. Kinachohukumu ni tofauti kati ya silinda na silinda. Moja ikiwa chini ya wenzake kwa zaidi ya asilimia 10, omba kipimo cha uvujaji: hewa ikitoka kwenye mdomo wa oili ni ringi au pistoni iliyovunjika mfereji wa ringi, ikitoka ekzosi au manifoldi ni valvu. Silinda namba 4 ndiyo inayolalamikiwa zaidi.

Haina nguvu, busti haifiki

Mipira, mipira, mipira. Gari la miaka 20 lililoiva kwenye joto la turbo lina mpira uliopasuka mahali fulani. Kagua ule mpana unaopeleka hewa kwenye turbo, umejificha chini ya manifoldi na hupasuka upande usioonekana. Fuata viungio vya intakula, na bomba la plastiki lenye matawi mawili chini yake, hupasuka kwenye mshono. Mwisho mipira midogo ya westigeti (mlango unaodhibiti busti) na solenoidi (valvu ya umeme). Fundi mwenye kompresa azibe mdomo wa turbo, apulize baa 0.7, na apake maji ya sabuni. Povu litasema.

Kama hakuna uvujaji, safisha sensa ya hewa kwa dawa yake maalumu tu. Usiiguse kwa kitambaa wala pamba. Filta za pamba zinazopakwa mafuta huichafua, na kwenye barabara zetu za vumbi filta ya karatasi ya kiwandani inachuja vizuri kuliko nyingi za michezo. Ile ya koni iliyo wazi inavuta hewa ya moto ya injini na vumbi la Luweero pamoja. Haifai hapa.

Wenye Legacy ya turbo mbili: kushuka kwa nguvu kati ya mizunguko 4,000 na 4,500 kumetokana na jinsi turbo zinavyopokezana, si ugonjwa. Turbo ya pili isipoingia kabisa, tatizo huwa kwenye msitu wa mipira ya vakyumu na solenoidi zake. Badilisha mipira yote kwa moja-moja, usichomoe miwili kwa pamoja.

Inavuta vizuri kisha inakatika kama imegonga ukuta

Kompyuta imekata petroli kwa sababu busti imepita kikomo. Inailinda injini. Anayekuuzia kifaa cha kuondoa kikomo hicho anakuuzia pistoni iliyovunjika.

Angalia kwanza kama mpira wa westigeti umechomoka. Ukiwa mzima, uliza nini kimebadilishwa. Daunipaipu (bomba la ekzosi linalotoka kwenye turbo) pana isiyo na kichocheo cha kusafisha moshi inaipunguzia turbo mzigo, busti inapanda yenyewe, na kompyuta ya kiwandani haina ramani ya petroli kwa hewa hiyo. Kadhalika kontrola ya busti ya mkono iliyozungushwa "kidogo tu".

Valvu ya kupumulia ya turbo inayotoa hewa nje kwa mlio mkubwa nayo ina lawama zake. Hewa ile imeshapimwa na sensa na petroli yake imeshaandaliwa. Ikitupwa nje, kila ukibadilisha gia mchanganyiko unakuwa mzito, ekzosi inapiga mwali na injini inazima ukisimama taa. Rudisha ile ya kiwandani inayorejesha hewa ndani.

Anayetaka nguvu zaidi afuate mpangilio huu: injini iliyopimwa kompresheni, pampu ya petroli ya lita 255 kwa saa, plagi baridi kwa daraja moja, geji ya uwiano wa hewa na petroli, ndipo ekzosi, na kompyuta kusetiwa siku hiyohiyo kwa petroli ya hapa, chini ya busti kamili uwiano ukae karibu 11 kwa 1. Asiye na pesa ya kuseti asinunue ekzosi.

Moshi

Mweusi ni petroli nyingi: sensa ya hewa, sensa ya joto la maji, au ile valvu ya turbo inayotoa hewa nje. Mweupe mzito wenye harufu tamu ni kulanti, rudi kwenye gasketi.

Wa bluu ni oili. Safisha kwanza valvu ya kupumulia injini (PCV, si ile ya turbo) na mipira yake, kwani ikiziba presha ya ndani husukuma oili kila mahali. Kisha, injini baridi, toa mpira wa hewa ushike shafti ya turbo. Kucheza kidogo kushoto na kulia ni kawaida. Kucheza mbele na nyuma kunakohisiwa, au mapanga yaliyokwaruza kuta, turbo imekwisha. Usifunge nyingine kabla ya kujua nini kiliua ya kwanza. Baadhi ya injini zenye kamshafti zinazobadili taimingi zina kichujio kidogo ndani ya bolti ya bomba la oili ya turbo, na kikiziba turbo mpya inakufa kwa kiu vilevile.

Inakaza kwenye kona za polepole

Gari linaruka au kujivuta ukiingia maegesho, hasa baada ya safari ndefu. Pima matairi kabla ya kitu kingine. Mzunguko wa tairi moja na jingine usitofautiane zaidi ya milimita 6 hivi. Tairi moja la mtumba la chapa tofauti linaipa difu ya katikati kazi isiyoisha mpaka inaungua na kukaza. Nunua manne, yazungushe kila kilomita 8,000.

Matairi yakiwa sawa, kwa gari la otomatiki weka fyuzi kwenye kishikio cha FWD (magurudumu ya mbele pekee) kilicho chini ya boneti. Kukaza kusipoisha, tatizo ni solenoidi au klachi za nyuma za giaboksi. Kwa la manyuo (gia za mkono), mwaga oili ya giaboksi (75W-90 ya GL-5, lita 3.5 hadi 4, inahudumia na difu ya mbele) na ile ya difu ya nyuma, lita 0.8, uangalie vipande vya chuma. Difu ya katikati iliyokaza haitengenezwi, hubadilishwa.

Na gari hili likizima barabarani, lisivutwe kwa kuinuliwa magurudumu mawili. Lipande lori lote, au magurudumu manne yote yabaki chini kwa mwendo mdogo na umbali mfupi, gia ikiwa huru. La otomatiki ni lori tu.